Mnunuzi Hapangi Bei Peke Yake

MKULIMA wa Malolo, wilayani Ruangwa, anapopima korosho zake kwenye chama cha msingi, bei bado haijulikani. Hata kampuni itakayozinunua haina uhakika nayo. Kati ya mzani wa kijijini na bandari ya Mtwara wapo wadau wengi, na kila mmoja anaweza kuvuruga hesabu za mnunuzi.

Msimu wa 2018/19 ni fundisho. Minada ilipofunguliwa Oktoba 2018, kampuni zilipeleka zabuni zikitazama soko la nje, ambako bei ilikuwa imeshuka. Zabuni za Tandahimba na Newala hazikufika Sh. 3,000 kwa kilo. Wakulima, waliouza kwa karibu Sh. 4,000 msimu uliotangulia, walikataa.

Serikali iliingilia kati na kutaka bei isipungue Sh. 3,000. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, ambaye pia alikuwa Mbunge wa Ruangwa, alizipa kampuni siku nne zieleze zitanunua tani ngapi. Novemba 12, Rais John Magufuli alitangaza kuwa Serikali itanunua korosho zote kwa Sh. 3,300, na Jeshi likapewa kazi ya kuzisomba.

Aliyekopa benki kwa ajili ya msimu alibaki na riba bila mzigo. Mkulima naye hakuponea: wengi walisubiri malipo kwa miezi wakati uhakiki ukiendelea.

Kosa la kampuni halikuwa kusoma vibaya soko la dunia. Zilimhesabu mnunuzi wa nje, zikamsahau mwenye mali na Serikali iliyo nyuma yake.

Kwa Ruangwa na Nachingwea, orodha ya wadau ni ndefu. Mkulima ana haki ya kukataa bei mnadani. Chama kikuu cha Runali husimamia minada. Bodi ya Korosho hutoa leseni. Serikali hupanga ushuru wa mauzo ya nje. Mwenye ghala na benki nao wana masharti yao.

Mwekezaji mdogo anayetaka kuweka fedha kwenye kampuni ya korosho asiridhike na hesabu za faida pekee. Aulize: zabuni ikikataliwa, kampuni ina fedha za kusubiri kwa muda gani? Ushuru ukipanda, nani ataubeba? Kampuni isiyo na majibu inacheza bahati nasibu kwa fedha za wengine.