Fedha ya Kodi Ikiibwa Kazini, Deni Hubaki kwa Mwajiri

Mfanyabiashara anayempa mtumishi wake kazi ya kukata, kutunza na kupeleka kodi hajajivua wajibu huo mbele ya sheria. Fedha hiyo ikiishia mfukoni mwa mhasibu, Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) huendelea kumdai mwenye biashara kodi ileile, pamoja na riba na adhabu ya kuchelewa. Kwa sababu hiyo, kuzuia udanganyifu kazini na kutimiza wajibu wa kodi ni kazi moja: mahali fedha ya biashara inapovuja ndipo kodi inapopotea.

Udanganyifu huo una sura nyingi, lakini mitatu ndiyo mianya inayohusiana moja kwa moja na kodi: mauzo, mishahara na malipo yanayopelekwa serikalini.

Mauzo na manunuzi

Mwanya wa kwanza ni mauzo yasiyoingizwa kwenye mashine ya kielektroniki ya kutolea risiti (EFD). Mteja hulipa na kupewa bidhaa, risiti haitolewi, na fedha haifiki kwenye daftari. Chukulia bidhaa zilizouzwa kwa shilingi 1,180,000, ikiwa ni pamoja na Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT) kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18. Muuzaji akiichukua fedha hiyo, ameondoka na mali ya mwajiri wake ya shilingi 1,000,000 na kodi ya shilingi 180,000 iliyolipwa na mteja.

Hasara haikomi hapo. Wakaguzi wa kodi hulinganisha manunuzi, mauzo na bidhaa zilizobaki ghalani. Bidhaa isiyoonekana ghalani wala kwenye mauzo inaweza kuhesabiwa kuwa imeuzwa bila kutamkwa, na mwenye duka akatakiwa kulipa kodi ya fedha ambayo hakuiona.

Upande wa manunuzi nako kuna hatari. Mtumishi aliyetumwa kununua anaweza kurudi na risiti ya kughushi au yenye bei iliyoongezwa. Mwajiri akiitumia risiti hiyo kudai marejesho au kupunguza kodi yake, ataulizwa yeye. Kinga yake ni kuhakiki risiti katika mfumo wa TRA kwa kutumia namba ya uhakiki iliyochapishwa juu yake. Sheria inamtaka muuzaji atoe risiti na mnunuzi aidai, na kila mmoja akikaidi anatenda kosa.

Mishahara na makato

Mwanya wa pili ni orodha ya mishahara. Mwaka 2016 uhakiki wa watumishi wa umma nchini ulibaini zaidi ya watumishi hewa 10,000, yaani majina yaliyokuwa yakilipwa bila kuwapo mtu kazini. Mbinu hiyo inaweza kutumika hata katika kampuni binafsi, hasa pale mtu mmoja anapoajiri, anapoandaa orodha na pia anapoidhinisha malipo.

Kwa mfanyakazi, hatari kubwa ni makato yasiyofika yanakopaswa kufika. Mwajiri anatakiwa kuwasilisha kodi ya ajira, inayofahamika kama PAYE, ndani ya siku 7 baada ya mwisho wa mwezi. Kila mfanyakazi anaweza kukokotoa mwenyewe kiasi kinachomhusu. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, shilingi 270,000 za kwanza kwa mwezi hazitozwi kodi. Kiasi kinachozidi hapo hadi shilingi 520,000 hutozwa asilimia 8, kinachofuata hadi shilingi 760,000 asilimia 20, kisha hadi shilingi 1,000,000 asilimia 25, na kinachozidi hapo asilimia 30.

Mfanyakazi wa sekta binafsi mwenye mshahara wa shilingi 1,000,000, aliyekatwa asilimia 10 kwa ajili ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF), hubaki na shilingi 900,000 za kukokotolewa kodi. Kodi yake ni shilingi 20,000, jumlisha 48,000, jumlisha 35,000, yaani shilingi 103,000. Bila makato mengine, anapaswa kupokea shilingi 797,000. Hati ya mshahara isiyolingana na hesabu hiyo inahitaji maelezo. Ni vyema pia kila mwanachama akague taarifa ya michango yake NSSF mara kwa mara, badala ya kusubiri siku ya kustaafu ndipo agundue miezi iliyorukwa.

Malipo yasiyofika

Mwanya wa tatu ni malipo ya kodi yanayopitia mikononi mwa watu. Mlipakodi hupewa namba ya kumbukumbu ya malipo, na hulipa kwa kutumia namba hiyo benki au kwa simu. Hakuna utaratibu unaomruhusu ofisa kupokea kodi mkononi au kwenye namba yake binafsi ya simu. Vishoka wanaojitambulisha kuwa maofisa wa kodi, au wanaodai ada ya kumpatia mtu Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi (TIN), hutegemea kutojua huko, kwa kuwa TIN hutolewa bila malipo.

Namna ya kujikinga

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kinga ya kwanza ni kutomwachia mtu mmoja hatua zote: anayepokea fedha asiwe anayeandika vitabu, na anayeandaa malipo asiwe anayeyaidhinisha. Pale duka lina mtumishi mmoja tu, mwenye mali mwenyewe anapaswa kulinganisha kila siku taarifa ya mwisho ya mashine ya EFD na fedha iliyopo, na kuhesabu bidhaa bila kutoa taarifa mapema.

Kinga ya pili ni kuthibitisha kwa macho. Mwenye biashara aingie mwenyewe katika akaunti yake ya TRA, aone ritani zilizowasilishwa na kodi iliyopokelewa, badala ya kutosheka na karatasi anayoletewa. Ritani ya VAT huwasilishwa kabla au ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kumbukumbu za biashara zinapaswa kutunzwa kwa muda usiopungua miaka 5, kwani bila hizo mlipakodi hana cha kujitetea.

Mashaka yanapoibuka

Kumshuku mtumishi si kumtia hatiani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mwajiri anayetaka kukata mshahara kufidia hasara ampe mfanyakazi maelezo kwa maandishi na nafasi ya kujitetea. Makato hayo hayapaswi kuzidi hasara halisi wala robo ya mshahara. Mfanyakazi aliyeachishwa kazi isivyo halali anaweza kufungua lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30.

Wizi wa mtumishi ni kosa la jinai na huripotiwa polisi. Kutumia nyaraka kumdanganya mwajiri ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na taarifa hupokelewa na TAKUKURU kwa simu namba 113. Mfanyakazi anayefichua uovu kwa nia njema analindwa na sheria ya mwaka 2015 ya kulinda watoa taarifa na mashahidi.

Kwa mlipakodi aliyeibiwa, hatua ya haraka ni kwenda ofisi ya TRA kabla ofisi hiyo haijamfuata, akiwa na kumbukumbu zake, na kuomba utaratibu wa kulipa kwa awamu. Asiyeridhika na makadirio anazo siku 30 tangu kupokea taarifa ya kuwasilisha pingamizi kwa maandishi. Hutakiwa kulipa kwanza kodi isiyobishaniwa au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kwa kuzingatia kiasi kilicho kikubwa, ingawa anaweza kuomba apunguziwe au asamehewe sharti hilo. Akishindwa hapo, njia ipo ya Bodi ya Rufani za Kodi, Baraza la Rufani za Kodi na hatimaye Mahakama ya Rufani.

Haki hizo zote zina ukomo wa muda. Anayegundua upotevu Januari na kunyamaza hadi Juni huongeza riba kila mwezi unaopita na huweza kupoteza nafasi ya kusikilizwa. Anayekagua daftari lake kila jioni huugundua upotevu ungali mdogo, wakati kodi bado inalipika na aliyehusika bado anaweza kuulizwa.