Kilichoiokoa Manowari Cole

Saa 5 na dakika 18 za asubuhi ya tarehe 12 Oktoba, 2000, manowari ya Marekani iitwayo Cole ilikuwa imefungwa kwenye kituo cha kujazia mafuta katika bandari ya Aden, nchini Yemeni. Ilikuwa imetoka Bahari ya Shamu na ilikuwa njiani kwenda Ghuba ya Uajemi. Baadhi ya mabaharia walikuwa wamekwisha kujipanga kwa chakula cha mchana. Mashua ndogo yenye watu wawili ikasogea ubavuni mwa manowari hiyo upande wa kushoto, katikati ya omo na tezi, kisha ikalipuka. Mabaharia 17 walifariki, na wengine zaidi ya 30 walijeruhiwa. Ubavu wa chuma ulipasuka, likabaki tundu lenye ukubwa wa kiasi cha meta 12 kwa 18. Basi la abiria lingeweza kupita humo bila kugusa ukingo.

Kwa kawaida chombo kilichotobolewa kiasi hicho huzama. Cole haikuzama. Ilikuwa na rada na makombora ya thamani kubwa, lakini silaha hizo hazikuifaa kitu saa ile. Iliokolewa na kanuni ya kuelea, ambayo wanafunzi hufundishwa katika madarasa ya mwanzo ya sekondari, na watu waliojua namna ya kuitumia gizani huku maji yakiwafika magotini.

CHOMBO CHENYEWE

Cole ni manowari ya aina ya distroya. Asili ya distroya ni miaka ya 1890, wakati mataifa yenye majeshi ya majini yalipoanza kuziogopa mashua ndogo za kasi zilizobeba topido. Mashua moja ya bei nafuu iliweza kuizamisha manowari kubwa kuliko zote. Kwa hiyo ikabuniwa manowari nyepesi yenye kazi moja, nayo ni kuziangamiza mashua hizo kabla hazijakaribia. Miaka zaidi ya mia moja baadaye, ni mashua ndogo yenye baruti iliyoipiga Cole.

Lakini distroya za siku hizi si vyombo vidogo tena. Cole ina urefu wa meta 154, na ikiwa imejaa shehena yake yote uzito wake hufikia kiasi cha tani 8,400. Ilianza kuundwa mwaka 1994 katika kiwanda cha Ingalls mjini Pascagoula, jimbo la Mississippi. Ilishushwa majini Februari 1995, na tarehe 8 Juni, 1996 ikaingia rasmi katika utumishi. Ilipewa jina la Sajini Darrell Cole, askari aliyeingia jeshini kama mpiga buruji, kisha akaomba apewe kazi ya mpiga bunduki ya rashasha. Aliuawa katika kisiwa cha Iwo Jima tarehe 19 Februari, 1945.

Manowari hii huendeshwa na injini nne za tabini za gesi, jamaa ya injini za ndege kubwa za abiria, zenye jumla ya nguvu za farasi 100,000. Mwendo wake hupita maili 30 za baharini kwa saa, yaani zaidi ya kilometa 55. Rada yake haizunguki kama zile za zamani. Ina nyuso nne bapa zilizobandikwa kwenye kuta za jengo la juu, na mawimbi yake hugeuzwa huku na huku kwa umeme. Kompyuta zake huweza kufuatilia shabaha zaidi ya mia moja kwa wakati mmoja, na makombora yake ya kuongozwa hukaa katika visima 90 vilivyozamishwa katika sitaha.

Jambo moja katika maumbile yake lilitokana na msiba wa zamani. Mwaka 1975 manowari nyingine ya Marekani, Belknap, iligongana na meli ya kubebea ndege, ikashika moto. Jengo lake la juu, lililotengenezwa kwa aluminiamu ili kupunguza uzito, liliungua kabisa. Waliosanifu distroya za jamii ya Cole waliamua kurudia chuma cha pua, ijapokuwa ni kizito zaidi.

MASHUA MBILI

Rada huona kitu, lakini haioni nia. Katika bandari yenye shughuli nyingi, mashua huja na kwenda zikibeba taka, kamba na vyakula, na mashua ya adui haina alama usoni. Makombora yaliyoundwa ili kupiga ndege iliyo mbali hayana kazi dhidi ya chombo kilicho umbali wa meta chache.

Walioshambulia walikuwa wa kundi la Al-Qaida, lile lile lililolipua balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam tarehe 7 Agosti, 1998 na kuua watu zaidi ya 200. Aden haikuwa jaribio lao la kwanza baharini. Januari 2000, katika bandari hiyo hiyo, walikusudia kuipiga distroya nyingine, The Sullivans. Walijaza baruti katika mashua kupita kiasi, nayo ikazama kabla ya kufika.

Hapa mwanafunzi na atue kidogo. Chombo huelea maadamu uzito wa maji kinayoyasukuma kando ni sawa na uzito wake chenyewe. Mashua ya Januari ilipakiwa mzigo uliozidi uzito wa maji ambayo umbo lake liliweza kuyasukuma, ikazama. Hiyo ndiyo kanuni ya Archimedes. Miezi tisa baadaye kanuni hiyo hiyo ndiyo iliyoamua hatima ya Cole.

HESABU YA TUNDU

Ili ielee, manowari ya tani 8,400 lazima isukume tani 8,400 za maji ya bahari, ambazo ni kiasi cha meta za ujazo 8,200. Tundu likifunguka chini ya usawa wa bahari, maji hurudi mahali yalipofukuzwa. Je, huingia kwa kasi gani?

Kasi ya maji yanayopita katika tundu hupatikana kwa kuzidisha 2 kwa mvutano wa dunia na kwa kina cha tundu, kisha kutafuta kipeuo cha pili cha jawabu. Kwa kina cha meta 3, hesabu ni 2 mara 9.8 mara 3, sawa na 58.8, na kipeuo chake ni karibu 7.7. Maji huingia kwa kasi ya karibu meta 7.7 kwa sekunde. Tundu la meta moja ya eneo, hata baada ya kutoa upotevu unaosababishwa na kingo zake, huingiza karibu tani 5 kila sekunde. Hizo ni lita 300,000 hivi kwa dakika. Pampu ambayo mabaharia wawili huweza kuibeba hutoa lita mia chache tu kwa dakika. Na tundu la Cole lilizidi sana meta moja ya eneo.

Ni wazi basi kwamba hakuna awezaye kuyashinda maji hayo kwa kuyatoa. Ushindi hupatikana kwa kuyawekea mpaka. Ndiyo sababu tumbo la manowari hugawanywa kwa viambaza vya chuma kutoka omo hadi tezi, likawa mfano wa safu ya masanduku yaliyofungwa. Sanduku lililotobolewa hujaa, na hapo maji hayana nafasi zaidi ya kuingia. Masanduku yaliyobaki huendelea kusukuma maji, na meli hushuka kidogo tu.

Hatari ya pili ni maji yaliyokwisha kuingia. Yeyote aliyewahi kubeba beseni la maji lililojaa nusu anaifahamu: beseni likiinama kidogo, maji yote hukimbilia upande huo na kulizidisha kuinama. Maji yaliyo huru ndani ya meli hufanya vivyo hivyo, na meli nyingi hupinduka kabla ya kuzama. Cole iliinama nyuzi nne. Kuzuia nyuzi hizo zisiongezeke ilikuwa kazi ya mabaharia.

KAZI YA MIKONO

Mlipuko ulivunja jiko na chumba cha chakula, ukapasua chumba kimoja cha injini, na umeme ukakatika katika sehemu kubwa ya meli. Nahodha, Kirk Lippold, alikuwa na watu wapatao 300, na wengi wao walikuwa vijana wa umri wa miaka ishirini au chini yake. Waliwatoa wenzao katika vyuma vilivyojikunja, wakafunga milango isiyopitisha maji, wakaegemeza mbao kwenye viambaza vilivyoanza kubonyea, na kuziba nyufa kwa chochote kilichopatikana. Kufikia jioni maji yalikuwa yamedhibitiwa. Baadhi ya majeruhi walichukuliwa na Wafaransa hadi hospitali yao ya Djibouti, ng'ambo ya mlango wa bahari. Manowari za Uingereza na za Marekani zilizokuwa karibu zilifika na kutoa msaada.

Kazi haikwisha siku ile. Katika siku zilizofuata kizibo kinachozunguka mtaimbo wa rafadha, mahali unapopenya kiambaza, kililegea, na maji yakaanza kuingia katika chumba cha pili cha injini. Jenereta ilizimika na pampu zikasimama. Watu ambao walikuwa hawajalala walipanga mstari wakafua maji kwa ndoo, jinsi wafanyavyo mabaharia wa majahazi wanapotoa ngama. Hatimaye walifanya jambo ambalo asiyejua hesabu angeliona ni wazimu: walitoboa ubavu wa meli yao wenyewe, juu ya usawa wa maji, ili mipira ya pampu ipate njia fupi ya kumwaga nje. Tundu lililo juu ya maji halizamishi chombo. Maji yakarudi nyuma.

Wapiga mbizi walipochunguza tumbo la meli waliona kwamba mkuku haukuvunjika. Uti wa mgongo ulikuwa mzima, na manowari ingeweza kutengenezwa.

MELI JUU YA MELI

Cole haikuweza kusafiri yenyewe, wala haikuwa salama kuivuta katika bahari kuu. Ikaitwa Blue Marlin, meli ya Norway yenye urefu wa zaidi ya meta 200 na sitaha ndefu, bapa na tupu. Meli ya namna hii hujizamisha kwa makusudi. Hufungua matangi yake yajae maji ya bahari mpaka sitaha inakuwa chini ya mawimbi. Mzigo huletwa ukielea juu ya sitaha hiyo, kisha maji hutolewa, na sitaha hupanda ikiwa imeubeba mzigo. Kanuni ile ile ya Archimedes hutumiwa mara mbili, mara ya kwanza kwa kushuka na mara ya pili kwa kupanda.

Mwishoni mwa Oktoba Cole ilivutwa hadi nje ya bandari na kupakiwa. Mapema Novemba safari ilianza. Blue Marlin iliuacha Mfereji wa Suez, ikateremka Bahari ya Hindi na kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema. Tarehe 13 Desemba, 2000 iliwasili Pascagoula, mahali pale pale Cole ilipozaliwa.

Mafundi walikata chuma kilichoharibika na kuweka kipya, zaidi ya tani 550, pamoja na injini nyingine. Gharama ilikuwa kiasi cha dola milioni 250. Katika sakafu ya ujia ulio karibu na chumba cha chakula walipachika nyota 17, moja kwa kila baharia aliyefariki. Cole ilirudishwa majini tarehe 14 Septemba, 2001, siku tatu baada ya mashambulio ya New York na Washington, na Aprili 2002 ikarejea katika kituo chake cha Norfolk, Virginia.

KURUDI KAZINI

Novemba 2003 Cole iliondoka kwa safari yake ya kwanza ya kikazi tangu Aden. Februari 2008 ilipelekwa karibu na pwani ya Lebanoni. Mapema mwaka 2017, baada ya meli ya kivita ya Saudi Arabia kupigwa katika Bahari ya Shamu, Cole ilitumwa kufanya doria karibu na pwani ya Yemeni, si mbali na mahali ilipotobolewa. Tarehe 1 Oktoba, 2024 Cole na distroya nyingine, Bulkeley, zilirusha makombora yapatayo 12 ili kuzuia makombora ya Irani yaliyoelekezwa Israeli. Siku hiyo rada na visima vyake 90 vilifanya kazi ile hasa vilivyoundiwa.

Jeshi la Majini la Marekani lilibadili taratibu zake za ulinzi bandarini, kwa maana tume iliyochunguza tukio hilo ilionyesha mwaka 2001 kwamba meli zilizo safarini hazikuwa zikilindwa vya kutosha. Lakini kwa mwanafunzi wa fizikia funzo liko mbele zaidi ya silaha. Kiambaza, kizibo na mlango unaofungika sawasawa ni vitu visivyosifiwa katika picha za manowari. Thamani yake haionekani mpaka siku ubavu unapopasuka, na hata hapo vinahitaji mtu aliyejifunza mapema ni mlango upi wa kufunga kwanza. Watu 17 hawakurudi kutoka Aden. Wenzao zaidi ya 250 walirudi, kwa sababu mpaka wa maji ulishika.