Harufu ya Mwindaji na Chambo cha Kulungu

Macho ya mnyama wa porini huweza kudanganywa, na masikio yake pia; lakini pua yake haidanganyiki upesi. Jambo hili halihitaji maelezo marefu kwa mtu aliyekulia karibu na msitu. Wasasi wa Afrika ya Mashariki tangu zamani hubeba kifuko kidogo cha majivu, wakakitikisa kila baada ya hatua kadhaa ili waone upepo unaelekea wapi, kwa kuwa wanajua kwamba mnyama akiisha kupata harufu ya mtu, kazi ya siku nzima imepotea.

Huko Marekani, ambako mamilioni ya watu huingia msituni kila mwaka kuwinda kulungu kwa kibali cha serikali, elimu hiyo ya upepo imezaa biashara kubwa ya sabuni, nguo maalumu na chupa za harufu. Katika miaka ya karibuni biashara hiyo imekutana na jambo zito kuliko shabaha ya bunduki au mshale, nalo ni ugonjwa wa wanyama usio na dawa.

MNYAMA MWENYEWE

Kulungu anayetajwa hapa si pongo wa misitu ya Afrika. Ni kulungu mwenye mkia mweupe, ambaye makao yake ni kuanzia Kanada hadi sehemu za kaskazini za Amerika ya Kusini. Dume lake huangusha pembe kila mwaka baada ya majira ya kupandana, kisha huota nyingine mpya. Akishtuka huinua mkia, na ule weupe wa chini huonekana kama kitambaa kinachopungwa, na wenzake wote hukimbia.

Mwanzoni mwa karne ya 20 mnyama huyu alikuwa karibu kwisha kwa sababu ya uwindaji wa biashara usio na mipaka. Inakadiriwa kwamba walibaki nusu milioni tu au pungufu katika Marekani nzima. Sheria ndizo zilizomwokoa. Sheria ya mwaka 1900 ilizuia nyama na ngozi zilizopatikana kwa ujangili zisisafirishwe kutoka jimbo moja hadi jingine, na ile ya mwaka 1937 iliagiza kwamba kodi ya silaha na risasi itumike kuwatunza wanyamapori. Leo hii kulungu hao wanakadiriwa kufika milioni 30 hivi.

HARUFU YA MTU HUTOKA WAPI

Ngozi ya binadamu ina tezi za jasho kati ya milioni 2 na 4. Jasho linapotoka halina harufu kubwa. Ni vijidudu viishivyo juu ya ngozi, hasa makwapani na miguuni, ambavyo hulivunjavunja ndipo harufu ikazuka. Aidha, ngozi hupukutisha magamba madogo sana yasiyoonekana kwa macho, nayo huchukuliwa na hewa. Kwa sababu hiyo mbwa wa polisi huweza kufuata njia aliyopita mhalifu, hata kama mhalifu huyo hakugusa kitu wala kuangusha kitu.

Kwa hiyo mwindaji makini huanza kazi yake nyumbani. Huoga kwa sabuni isiyo na manukato. Nguo za msituni hufuliwa peke yake, mara nyingi kwa magadi ya kupikia, zikaanikwa nje mahali pasipo moshi wa jiko wala wa gari, kisha zikatiwa katika sanduku lenye kifuniko kinachobana. Hazivaliwi mpaka mwenyewe afike ukingoni mwa msitu. Petroli hujazwa jana yake, ili harufu yake isikae mikononi, na tumbaku huachwa nyumbani. Miguuni huvaliwa buti za mpira, kwa kuwa mpira hauachi harufu ya mguu ardhini kama ngozi inavyofanya. Mwendo nao ni wa polepole, maana mtu akipanda kilima mbiombio akaloa jasho, kazi yote ya kufua na kuanika imekwenda bure.

Yote hayo hupunguza harufu, wala hayaiondoi. Wafanyabiashara huuza nguo zenye tabaka la mkaa, wakisema kwamba mkaa huo hunasa harufu ya mwili. Mwaka 2002 yalichapishwa nchini Marekani matokeo ya jaribio ambamo mbwa waliofunzwa kutafuta watu walitumwa kuwasaka watu waliojificha, wengine wakiwa wamevaa nguo za namna hiyo na wengine nguo za kawaida. Mbwa waliwapata karibu wote.

UPEPO NDIO MKUU

Kama harufu haiwezi kufutwa, lililobaki ni kuielekeza mahali ambapo mnyama hayupo. Mwindaji huchunguza kwanza njia wanazopita kulungu kutoka malishoni hadi wanakolala, kisha huchagua mahali pa kukaa ambapo upepo utoke kwa mnyama kuja kwake. Badala ya majivu, wengi hutumia unga mwepesi katika kichupa, au nyuzi laini za mbegu za mimea zinazofanana na sufi. Wakiziachia zielee, huona hewa inakopinda.

Penye milima hewa haitulii mahali pamoja. Asubuhi jua linapopasha miteremko joto, hewa hupanda. Jioni baridi inapoingia, hewa huteremka mabondeni kama maji. Wavuvi wa Ziwa Viktoria na Tanganyika hawatashangaa, kwani wao pia huona upepo wa mchana ukitoka ziwani na wa usiku ukitoka nchi kavu. Kwa hiyo mwindaji wa milimani hukaa juu ya njia ya wanyama wakati wa asubuhi, na jioni hushuka chini yake.

Wengine hukaa juu ya jukwaa lililofungwa mtini, kimo cha mita 5 au zaidi, ili harufu ipite juu ya kichwa cha mnyama. Njia hii inasaidia, lakini harufu hiyo hushuka mbele ya safari. Tena kuanguka kutoka majukwaani ni miongoni mwa ajali zinazowapata wawindaji mara kwa mara, na mwenye busara hajipandishi bila mkanda wa kujifunga.

CHAMBO CHA HARUFU

Kulungu huzungumza kwa harufu. Ana tezi karibu na macho, kwenye paji la uso, kati ya kwato, na ndani ya vifundo vya miguu ya nyuma. Majira ya kupandana yanapofika, ambayo katika majimbo mengi ya kaskazini hupamba moto mwezi Novemba, dume huparua ardhi chini ya tawi linaloning'inia, hulisugua tawi hilo kwa uso, kisha hukojoa juu ya tezi za miguu yake ili mkojo uteremke na harufu ile. Kila kulungu apitaye hapo hujua ni nani aliyepita. Jike huwa tayari kupokea dume kwa muda wa siku moja au mbili tu. Asipopata mimba, hurudia hali hiyo baada ya siku 28 hivi. Katika siku hizo dume husahau hadhari yake ya kila siku.

Hapo ndipo ilipozaliwa biashara ya chupa. Mkojo wa majike waliofugwa hukusanywa, hutiwa katika vichupa na kuuzwa. Mwindaji hudondosha matone katika kitambaa akakitundika kichakani, au hukiburuta kwa kamba nyuma yake aingiapo msituni, au huparua ardhi mwenyewe akaiga kazi ya dume. Wengine hupendelea harufu ya matofaa au mahindi, na wengine hujipaka harufu ya udongo na ya majani ya msonobari ili kuifunika ile ya mwili.

Chambo nacho kina kanuni yake. Dume akinusa harufu ya jike mara nyingi haji moja kwa moja. Huzunguka kwanza upande upepo unakoelekea, ahakikishe. Mwindaji aliyeweka chambo mbele yake dhidi ya upepo humleta mnyama nyuma ya mgongo wake, ambako harufu yake mwenyewe ndiyo inayovuma. Kwa sababu hiyo wazoefu hukiweka ubavuni, ili mnyama akizunguka apite mbele ya shabaha kabla hajaifikia harufu ya mtu.

CHUPA NA UGONJWA

Mwaka 1967, katika kituo cha utafiti huko Fort Collins, jimboni Colorado, kulungu waliofungiwa walianza kukonda, kudondosha mate na kufa. Mwaka 1978 daktari wa mifugo Elizabeth Williams alitambua kwamba ubongo wao ulikuwa umetoboka-toboka kama sifongo. Ugonjwa huo sugu wa kukondesha hauletwi na bakteria wala virusi, bali na protini iliyopotoka iitwayo prioni. Mwaka 1981 ulionekana kwa mnyama wa mwituni huko huko Colorado. Sasa umefika katika majimbo zaidi ya 30 ya Marekani na sehemu za Kanada. Korea ya Kusini uliingia pamoja na wanyama walionunuliwa Kanada. Na mwaka 2016 uligunduliwa nchini Norwei, ambako serikali iliamuru kundi zima la kulungu wa theluji, takriban 2,000, liuawe ili kuuzuia.

Ubaya wa maradhi haya ni kwamba mnyama huweza kuwa nayo kwa mwaka mmoja na zaidi akiwa anaonekana mzima, huku akiyaeneza kwa mate, kinyesi na mkojo. Prioni ikiisha kuingia katika udongo hukaa humo miaka mingi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Ndipo swali likaulizwa: ni nani ajuaye kilichomo katika chupa, ikiwa mkojo wa wanyama wengi wa mashamba mbalimbali huchanganywa pamoja? Wauzaji hujibu kwamba kiasi cha prioni katika mkojo ni kidogo mno, na kwamba mifugo yao hukaguliwa. Serikali kadhaa hazikutaka kungoja. Jimbo la Ontario huko Kanada lilikataza vyambo vya mkojo wa asili. Virginia likafuata mwaka 2015 na Vermont mwaka 2016, na baada yao mengine. Mahali pengine huruhusiwa tu mkojo wa mashamba yaliyopimwa, au harufu zilizotengenezwa kiwandani bila kutumia mnyama. Hali kadhalika, katika maeneo mengi yenye ugonjwa ni marufuku kumwaga mahindi au chumvi, kwa kuwa wanyama wengi hukutanisha pua na mate mahali pamoja.

NYUMBANI NA JIKONI

Nyama ya kulungu ni chakula cha jamaa nyingi kwa kipindi chote cha baridi, kwa hiyo hadhari haiishii msituni. Mpaka sasa haijathibitishwa kwamba mtu yeyote ameupata ugonjwa huu. Hata hivyo Kituo cha Marekani cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa kinashauri kwamba katika maeneo yenye ugonjwa mnyama apimwe kabla ya kuliwa, na aliyeonekana nao asiliwe kabisa. Kupika hakusaidii, maana prioni haifi kwa moto wa jikoni. Anayechuna avae mipira ya mikono, asikate ubongo wala uti wa mgongo, na visu vya kazi hiyo visichanganywe na vya nyumbani. Mnyama aliyekonda au anayepepesuka asipigwe kwa ajili ya chakula, bali ipashwe habari idara ya wanyamapori.

Mwindaji wa kweli hajulikani kwa wingi wa chupa alizonunua. Kulungu walirudi kutoka nusu milioni kwa sababu watu walikubali kujinyima leo ili kesho wapate. Yule anayekwenda polepole, akaketi kunakofaa na kurudi nyumbani mikono mitupu siku ambayo upepo umegeuka, hakupoteza kitu, wala hakuacha katika udongo wa msitu jambo ambalo wanawe watashindwa kuliondoa.