Jino linapouma na daktari haoni kitu

Mtu hukesha ameshika shavu. Kukicha huenda kwa daktari wa meno, akapigwa eksirei, akagongwagongwa gego moja baada ya jingine, kisha akaambiwa kuwa meno yake yote ni mazima. Hurudi nyumbani na maumivu yaleyale, tena ameongezewa mzigo wa pili, kwani jamaa zake huanza kumtilia shaka. Huyu husema anajidekeza, yule husema amerogwa. Sisi tunauona mzigo huu wa pili kuwa ndio mzito zaidi, kwa kuwa humsukuma mgonjwa kuomba ang'olewe jino, lolote liwalo, mradi apate kulala.

Hapo ndipo tunapowaomba wenzake wamzuie. Jino la mtu mzima likishang'olewa halioti tena, na mara nyingi chanzo cha maumivu ya namna hii hakimo katika jino.

Mizizi ya magego ya juu imekaribiana mno na uwazi uliomo ndani ya mfupa wa shavu. Uwazi huo ukivimba kwa mafua, meno kadhaa ya juu huuma kwa pamoja, na maumivu huzidi mtu anapoinama. Mwenye kuswali hulitambua upesi: akisimama huwa afadhali, akienda sijida huzidiwa. Habari hiyo ndogo amweleze daktari, huenda ikamwokolea jino.

Yako mengine yapigayo kama shoti ya umeme, kwa sekunde chache hadi dakika mbili, kisha yakatulia kana kwamba hayakuwapo. Huamshwa na upepo, mswaki, au maji ya udhu yagusapo uso. Hayo ni ya mshipa wa fahamu wa uso, nayo huwapata zaidi waliovuka miaka 50. Vidonge vya kawaida vya maumivu havifui dafu hapo. Hutibiwa kwa kabamazepini, dawa itumiwayo pia kwa kifafa.

Ufa mwembamba wa jino nao mara nyingi hauonekani kwenye eksirei. Ama kusaga meno usingizini, shahidi ni mke au mume, maana mwenyewe hajisikii.

Hubakia yale yasiyo na sababu ya kuonekana. Mishipa ya fahamu huendelea kupeleka habari ya maumivu pasipo kidonda, mfano wa aliyekatwa mguu akazidi kuhisi vidole vikimuuma. Jino likitolewa, maumivu husalia palepale au huhamia kwa jirani yake. Daktari aweza kuandika amitriptilini kwa kiasi kidogo. Kwa kuwa dawa hiyo hupewa pia wenye sonona, wagonjwa hukasirika wakidhani wameitwa wendawazimu. Sivyo, hutuliza mishipa, nayo huhitaji wiki kadhaa.

Lisilongoja ni moja: maumivu ya taya la chini yajayo mtu akipanda ngazi, pamoja na kubanwa kifua, jasho au kukatika pumzi. Huenda ni moyo. Akimbizwe hospitali.

Wanaoishi na mgonjwa wampikie vyakula laini visivyo moto sana, wala asiulizwe kila asubuhi kama bado tu anaumwa.