Waridi hukatwa Naivasha, kesho liko Ulaya

Ikiwa unaishi Embakasi, Utawala au Donholm, bila shaka umewahi kugutuka usingizini saa nane za usiku kwa mngurumo wa ndege. Pengine ulivuta blanketi na kulalamikia kelele. Lakini je, ulijiuliza ndege hiyo ilibeba nini? Huenda haikuwa na abiria hata mmoja. Huenda ilijaa maua.

Hebu tulifuate ua moja la waridi kutoka Naivasha. Asubuhi na mapema mfanyakazi hulikata na kulitia ndooni mwenye maji. Ua lililokatwa bado linapumua, na joto hulizeesha upesi. Kwa hivyo hukimbizwa kwenye chumba baridi, likapangwa na wenzake kwa urefu wa shina, likafungwa katika katoni. Jioni, lori lenye mitambo ya baridi huteremka nalo hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, mwendo wa zaidi ya kilomita 90. Hapo hukaguliwa lisije likasafiri na wadudu, kisha katoni hupangwa juu ya mabamba ya chuma na kufunikwa kwa nyavu.

Ndege ya mizigo haina viti wala madirisha ya abiria. Boeing 747 za mizigo zilizoundwa kiwandani kwa kazi hiyo hufunguka pua, ikainuka juu kama mdomo wa kiboko, na shehena ikaingizwa kwa mbele. Ndege moja kama hiyo hubeba zaidi ya tani 100. Uzito lazima ugawanywe sawasawa, la sivyo ndege itaelemea mkia au pua.

Na kwa nini usiku? Nyinyi wanafunzi wa fizikia, sikilizeni. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi. Jua la mchana huifanya iwe nyepesi zaidi, mabawa yakakosa nguvu ya kutosha kuinua mzigo mzito. Ubaridi wa usiku huiwezesha ndege kupaa na shehena kubwa zaidi. Baada ya saa nane hivi angani, waridi letu limefika Uholanzi, tayari kwa mnada wa Aalsmeer.

Biashara hii ina hatari yake, kwani ua halingoji. Aprili 2010 volkano ililipuka Iceland, na majivu yake yakafunga anga ya Ulaya kwa siku kadhaa. Huku kwetu maua yalitupwa, na maelfu ya vibarua wakaambiwa wabaki nyumbani. Mlima umelipuka kule baridini, sufuria ikakosa unga Naivasha!

Machi 2020 ikawa zamu ya korona. Kenya ilipositisha safari za abiria za kimataifa, wengi walidhani ni watalii tu waliokwama. Kumbe ndege ya abiria pia hubeba mizigo tumboni, chini ya miguu ya wasafiri. Nafasi ikawa adimu, nauli ya mizigo ikapanda, na maua yakaoza tena.

Hata hivyo, usidhani ndege hutuchukulia tu. Ndizo hutuletea dawa, simu na vipuri. Tarehe 3 Machi 2021, dozi zaidi ya milioni 1 za chanjo ya korona ziliteremshwa kwa ndege katika uwanja huo huo wa Jomo Kenyatta.

Je, meli haiwezi kufanya kazi hii? Ni rahisi kwa bei, ndiyo maana ngano na magari hupitia Mombasa. Wakulima wengine wa maua wameanza kuijaribu kwa makontena ya baridi. Lakini safari huchukua wiki kadhaa, na kuanzia mwishoni mwa 2023 meli nyingi zililazimika kuikwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Afrika Kusini kwa sababu ya mashambulizi. Kwa ua, wiki mbili za ziada ni umri mzima.

Basi, ndege itakapokuamsha tena usiku, usikasirike sana. Karo ya mtoto fulani wa Naivasha imo humo ndani. Na ukiwa na mwanafunzi nyumbani, mwambie ndege haihitaji rubani pekee: kuna makanika, mkaguzi wa mimea na mpangaji wa mizigo. Hizo nazo ni kazi.