Hesabu za mawimbi zafundishika kwa Kiswahili

Wapo wasomi wanaoshikilia kwamba Kiswahili ni lugha ya soko na siasa, wala hakiwezi kubeba hisabati ya uhandisi. Dai hilo nalipinga, na ushahidi wangu nautoa mpakani, Busia na Malaba.

Wakazi wa huko wanajua kwamba simu iliyo upande wa Kenya huweza kunasa mnara wa Uganda. Mawimbi ya sumakuumeme hayakaguliwi na forodha. Simu hutumia masafa mbalimbali, yakiwemo ya megahezi 900 na 1800. Masafa hapa si umbali, bali ni idadi ya mitetemo kwa sekunde. Antena inayofaa kwa masafa fulani yaweza kuwa duni kwa mengine. Ndiyo maana mhandisi huijaribu kwanza ndani ya kompyuta.

Hapo ndipo kazi inapokuwa nzito. Kompyuta huigawa antena na anga inayoizunguka katika vipande vidogo vidogo, kisha hutumia kanuni alizochapisha James Clerk Maxwell mwaka 1865. Tuseme hupatikana milinganyo 1,000,000. Tukitaka kuipima antena kutoka megahezi 800 hadi 1000, kwa kila megahezi moja, mfumo huo hauna budi kutatuliwa mara 201.

Je, hapana njia ya mkato? Ipo, nayo naiita upunguzaji wa modeli. Tuchague masafa matano, tuutatue mfumo mzima mara tano tu. Jibu la masafa mengine yoyote tulichukulie kuwa mchanganyiko wa majibu hayo matano. Kinachosalia kutafutwa ni vipimo vitano vya mchanganyiko badala ya thamani 1,000,000, na kompyuta huvipata kufumba na kufumbua. Wala huku si kubahatisha: jibu la mkato hurudishwa katika milinganyo ya asili ili kosa lake lipimwe. Likiwa kubwa, hasa karibu na masafa ambayo antena huitikia kwa nguvu ghafla, jibu la sita huongezwa.

Kwetu wanaisimu wazo hili si geni. Sauti ya vokali imejaa masafa mengi, lakini vilele viwili vya kwanza vya nguvu yake kwa kawaida vyatosha kutofautisha a, e, i, o na u.

Msomaji amefika hapa bila kuazima sentensi hata moja ya Kiingereza. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza; hata hivyo, fizikia katika shule zetu za sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Sisemi Kiingereza kitupwe. Nasema mwanafunzi anayekariri kanuni asiyoweza kuieleza kwa lugha anayoimudu hajaielewa bado. Mwalimu wa fizikia na mwalimu wa Kiswahili wa Busia na Malaba na waketi meza moja, wakubaliane istilahi, kisha waingie darasani. Lugha hukua kwa kutumiwa.