Nyama anayekula chuma, na chuma kinachokula mutu

Kuna nyama mumoja ambaye mushimbaji hawezi kumupenda hata kidogo. Hatafuti damu, hatafuti mifupa. Anatafuta chuma. Akigusa baramini yako na masharubu yake marefu, inageuka kutu palepale. Akigusa nyundo, ni vilevile. Kiisha anainama, anakula ile kutu, anashiba. Weye unabaki muzima, lakini kazi yako imekwisha.

Musiogope. Huyu nyama hayuko mu mulima wa Kolwezi wala mu shimo la Kipushi. Iko mu muchezo tu. Kule Marekani, mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa muchezo unaoitwa Dungeons & Dragons. Batu wanakaa pa meza. Mumoja anatoa hadisi, sawa vile muzee anatoa hadisi usiku pembeni ya moto. Wengine, kila mutu anabeba jina la mutu wa ndani ya hadisi: huyu mupiganaji, huyu mwizi, huyu muganga. Wanatupa dadu ili kujua nani ameshinda, nani ameanguka. Na juu ya meza wanaweka sanamu ndogo, ili kila mutu aone yeye iko wapi na adui iko wapi.

Sasa huyu nyama wa kutu alitoka wapi? Hakutoka mu kitabu cha bazee wa zamani. Gygax alikuwa anatafuta nyama wa kuweka mu muchezo. Mu duka la vitu vya bei ya chini, akapata mufuko wa vitu vya kuchezea vya plastiki, vilivyotengenezwa Hong Kong. Ndani mulikuwa nyama wa ajabu, hakuna mutu aliyejua ni nyama gani. Mumoja alikuwa na mukia unaoishia sawa helisi ya ndege. Gygax akamupa jina na kazi: rust monster, ni kusema nyama wa kutu. Akaingia mu kitabu mwaka 1975. Wachezaji wakaanza kumuogopa kuliko simba, juu simba anakujeruhi tu, lakini huyu anakunyanganya chombo chako cha kazi.

Kitu cha bei ya chini, bila jina, kikapata maisha juu mutu mumoja alikiangalia muzuri. Njo maana tunasema kwa batoto wetu: hata sisi tunaweza kutengeneza wa kwetu.

Anza na waya. Kipande cha waya wa mukuba, wa kifaa kilichokufa, si ule wa kukatwa ku poto. Mu michezo hii, sanamu ya mutu inapita kidogo sentimita 3. Basi nyama wetu atakuwa sawa kidole gumba. Pinda waya mumoja kuwa mugongo na mukia. Funga mwingine kwa miguu ya mbele, na mwingine kwa miguu ya nyuma. Chomeka miguu mu kizibo cha chupa, ili usishike nyama kwa mikono wakati wa kazi.

Juu ya waya tunaweka nyama ya mwili. Wenye mazoea wanatumia udongo wa epoksi wa sehemu mbili, mumoja wa njano na mwingine wa buluu. Ukivikanda pamoja vinakuwa kijani, na kuanzia hapo una karibu saa moja ya kufanya kazi mbele haijaanza kukauka. Kama ule haupatikani, ule ambao mafundi wanazibia tanki unaweza kusaidia, lakini unakauka mbio. Vaa glavu, juu ile kitu mbichi inaharibu ngozi. Lowesha chombo chako na mayi ili kisishikane.

Usiweke yote mara moja. Tabaka la kwanza liwe jembamba, liache mupaka kesho. La pili ni tumbo na mapaja. La tatu ni magamba ya mugongo. Hapa fanya sawa vile tunaezeka nyumba na mabati: unaanza chini, ku mukia, unapanda mupaka ku kichwa, kila gamba linalala juu ya lingine. Masharubu mawili weka mwisho, waya mwembamba kabisa, juu njo yanavunjika mbele ya yote. Ukitaka kulainisha kwa papye ya msasa, lowesha kwanza na mayi. Vumbi tunaijua, haina rafiki.

Ku rangi, paka kwanza rangi ya chini, nyepesi, mwili wote. Kiisha kahawia. Kiisha chukua rangi nyeusi yenye mayi mengi, iache iingie yenyewe mu mifereji ya magamba. Ikikauka, chukua burashi yenye rangi ya machungwa, ipangusie mu kitambaa mupaka ibaki karibu kavu, pitisha juu juu tu. Kutu inatokea mbele ya macho yako. Na kwa kweli ni kutu: ile kahawia na nyekundu nyingi za duka ni kutu ya chuma iliyosagwa.

Lakini nyama wetu ni wa Katanga. Kwetu asile chuma tu, ale na mukuba. Mukuba ukikaa ku mvua na ku hewa hauwi mwekundu, unakuwa kijani, ndugu wa malakiti. Basi muwekee kijani kidogo ku mudomo, sawa mutu aliyetoka kula sombe. Mazungu wa zamani waliwaita bayeyushaji wa mukuba wa hapa « mangeurs de cuivre », walaji wa mukuba. Bazee wale walikula mukuba sawa vile tunakula kazi: waliyeyusha, wakamwaga misalaba, wakauza, watoto wakashiba.

Sasa tusikilizane muzuri, juu hapa mambo si ya muchezo. Sanamu za zamani za muchezo huu zilimwagwa na bati iliyochanganywa na risasi, ile tunaita plombi. Mu miaka ya 1990 kule New York walitaka kukataza plombi mu vitu vya kuchezea, na kampuni Ral Partha ikatoa madini isiyo na plombi. Leo nyingi ni plastiki, ao bati safi zaidi, ya kutoka mu mawe ya kasiterite sawa ya Manono na Walikale.

Plombi inayeyuka ku digri 327. Mbabula ya makala inatosha. Njo hatari yenyewe: kijana anapasua batri ya motokari iliyokufa, anaweka sufuria ku moto, anaona ni rahisi. Tunakataa. Vumbi na moshi vinaingia mu mikono, mu nguo, mu bukari. Mutoto mudogo anapokea plombi mara 4 ao 5 kuliko mukubwa, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kipimo kinachojulikana kuwa hakina hatari. Haiumi, hainuki. Inakula akili polepole, mutoto anashindwa ku masomo, munasema ni muvivu. Kabwe, kule Zambia, mugodi wa plombi ulifungwa mwaka 1994, na mupaka leo udongo wa mutaa unaingia mu damu ya batoto.

Na hata bila mbabula, vumbi ya mugodi inafuata baba mupaka nyumbani. Bamama, nguo za kazi zifuliwe peke yake, zisichanganywe na za batoto. Bababa, mutoto akikimbilia kukukumbatia pa mulango, mwambie angoje. Vua, nawa mikono na uso na mayi ya sabuni, kiisha mubebe.

Halafu mukae pa meza na waya na udongo, mumutengeneze nyama wenu. Mutoto njo atampa jina.